Kigavi: Istilahi na Kazi Yake

Katika sehemu zote za kompyuta ya mezani, hakuna inunuliwayo kwa haraka na kwa fikira haba kama kile kisanduku cha chuma ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai. Na kwa kuwa jina hilo limetufikia pamoja na bidhaa yenyewe, bila ya kupimwa na wenye lugha, nakusudia kueleza maana yake na kulitetea neno kigavi lishike mahali pake.

Asili yake ni kitenzi gawa, ambacho kimekwisha kutupa ugavi, yaani utaratibu wa kuwafikishia watu vitu wanavyovihitaji, na mgavi, mwenye dhamana ya kazi hiyo. Nacho kiambishi ki-, kama kilivyo katika kichujio na kipimo, hutaja chombo. Kigavi, basi, hupokea kutoka ukutani umeme wa mkondo geu, ambao nchini Kenya ni volti 240, huugeuza kuwa mkondo mnyofu, kisha huugawa kwa volti 12, 5 na 3.3, kila sehemu ikapata fungu lake. Neno kigeuzi lingetaja nusu tu ya kazi hiyo.

Fauka ya hayo, jina hili lamfunza mnunuzi hesabu, kwani mpakuzi wa karamu huwahesabu wageni kabla ya kufunua sufuria. Tumtwae kijana wa Nyacheki, huko Bobasi, atakaye kuunda kompyuta ya hali ya juu ya kuhariri filamu. Akichagua kadi ya picha ya GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, hiyo peke yake imekadiriwa wati 450. Prosesa ya Core i9-13900K, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hufika wati 253. Ukijumlisha ubao mama, kumbukumbu, diski na feni, hesabu hukaribia wati 800, ilhali kadi za namna hii huweza kuruka ghafla kupita kadirio lake. Kigavi cha wati 750 hakimfai. Cha 1000 kina nafasi ya kutosha.

Walakini asiridhike na tarakimu iliyoandikwa juu ya boksi. Ubavuni mwa kigavi pana kibandiko chenye jedwali, na kwenye safu ya volti 12 yapasa aone ampea 83 hivi, maana 12 mara 83 ni takriban 1000. Akiona 40 tu, na ajue kuwa wati 1000 zinazonadiwa hazimo. Atazame pia nyuma: vigavi vingine vya bei rahisi vina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230, na ikiachwa kwenye 115, umeme wetu hukiunguza mara moja. Aulizie kadhalika alama ya 80 PLUS, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo hushuhudia kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia huzifikia sehemu, na unaosalia hupotea kuwa joto.

Hadhari hii yazidi uzito katika milima ya Kisii, ambako unyevu wa Ziwa Viktoria huzaa ngurumo na radi kwa wingi, na umeme aghalabu hukatika na kurudi kwa kishindo. Kigavi chema hujizima volti zinapopanda kupita kiasi au nyaya zinapogusana. Lakini hakuna kigavi kiwezacho kuikinga radi, na dawa yake ni kuchomoa plagi mbingu zinapoanza kunguruma.

Kwa hiyo nawasihi walimu na mafundi walitumie neno hili darasani na dukani, na mwenye kuunda kompyuta ajumlishe wati zake na kutenga fedha za kigavi kabla ya kulipia kadi ya picha, kwa sababu sehemu zote alizozigharimia zitaishi au zitaungua kwa kadiri ya wema wa chombo hicho.