Hatari Iko Karibu na Gati

Ndugu msikilizaji, bahari ina mambo. Mtu huvuka mkondo mkubwa salama, kisha akaja kuangamia mahali ambapo tayari anawaona watu waliokuja kumpokea. Tarehe 29 Aprili 1994 pantoni ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 272. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, katika Ziwa Victoria, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Lakini leo nauliza jambo jingine: kwa nini karibu na gati?

Jibu moja kila baharia analo. Nchi kavu ikionekana, abiria husimama, hubeba mizigo yao na kusogea upande wa kushukia. Chombo kilichozidiwa hakiwezi kustahimili hayo. Na boti ndogo haihitaji watu mia. Watano wakisimama upande mmoja wanatosha.

Wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinachoeleza safari za pwani yetu hii, kinataja vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mitepe ya Waswahili, ambayo nayo ilishonwa hivyo, ilisafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo cha namna hiyo kiliweza kulala mchangani maji yakipwa, lakini hakikufikishwa kwa pupa. Nahodha alishusha tanga mapema, omo likaelekezwa kwenye upepo, nanga ikatiwa, na mabaharia wakamalizia kwa pondo. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Kazi ya abiria ilikuwa kukaa.

Kisha ikaja mashine. Mwaka 1909, huko Milwaukee, Marekani, Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, alianza kuuza injini ya kufungwa nyuma ya mashua. Injini za aina hiyo zilipoenea kwetu zilileta nafuu kubwa. Mvuvi hakulazimika tena kungoja upepo. Lakini pamoja na nafuu hiyo tukaitupa adabu ya kufika taratibu.

Niliyashuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kisiwani kwa kazi ya redio. Kijana aliyeshika usukani alilijia gati kwa kasi, upepo na mkondo vyote vikitusukuma kwa nyuma, akitumaini kwamba rivasi itatusimamisha. Mashine ikazimika. Abiria mmoja akanyoosha mguu kuzuia boti isigonge ukuta. Mzee aliyekuwa juu ya gati akapiga kelele, "Rudisha mguu, mwanangu! Mbao hununuliwa!" Aliurudisha. Ubao wa ubavuni ukapasuka, lakini mguu ukapona.

Tulipokwisha kufunga kamba, nilimwamkia mzee yule nikamwomba anieleze. Akaniambia: boti haina breki. Lijie gati ukikabiliana na upepo au mkondo, ule wenye nguvu zaidi, nao ndio utakaokupunguzia mwendo. Kamba na matairi ya kukingia ubavu viwe tayari kabla hujafika. Funga omo na tezi, kisha uongeze kamba za kuzuia chombo kisiende mbele wala nyuma. Usizime mashine kabla kamba hazijafungwa. Tena kumbuka maji: wakati wa bamvua, pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kamba iliyokazwa maji yakiwa yamejaa itakining'iniza chombo yakipwa. Na ukitia nanga, toa kamba mara 5 au zaidi ya kina cha maji, kwani nanga hushika ikivutwa kwa kulala, si kwa kusimama.

Ndugu msikilizaji, hayo si elimu ya ng'ambo. Ni urithi wetu tuliousahau kwa sababu ya haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi tunalirudia neno hilo kila siku, ila tukiliona gati tunasimama sote kwa pamoja. Safari haijaisha mpaka kamba ifungwe. Mpaka hapo, tukae.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.