Edifier R1280T au R1280DB: Uchukue Zipi?

Kuna swali linanifuata hadi kwenye daladala: "Kaka, nichukue R1280T au niongeze hela nichukue R1280DB?" Wanaoniuliza wamechoka na sabufa, lile boksi moja la besi na vispika vyake vinavyolialia pembeni. Wanataka spika mbili za kuweka kwenye rafu, zenye amplifaya ndani yake. Nitajibu kwa kirefu kidogo maana hiyo ni hela ya mtu, na mimi mwenyewe nimeshawahi kuunguza yangu.

Kwa sauti, hizi ni mapacha. Zote ni za Edifier, kampuni iliyoanzishwa Beijing mwaka 1996. Kila spika ina koni ya inchi 4 kwa besi na sauti za kati, na juu yake kikoni cha hariri cha milimita 13 kwa sauti nyembamba. Nguvu ni wati 42 RMS kwa jozi, yaani 21 kila upande. Najua utacheka, kwa sababu boksi la sabufa yako limeandikwa wati 5,000. Hiyo ni PMPO, namba ya kuuzia tu. RMS ndiyo nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo bila kuishiwa pumzi. Kwa chumba cha kupanga au sebule ya kawaida, wati 42 zinatosha kumfanya jirani agonge ukuta. Ila besi ya kutikisa vyombo kabatini usiitegemee, koni ya inchi 4 haina mapafu hayo. Utakachopata ni kila gitaa la rumba mahali pake na maneno ya mwimbaji kusikika.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia DB "inapiga zaidi", anakuuzia maneno. Tofauti iko mgongoni. T ina njia mbili za RCA, zile za pini nyekundu na nyeupe, basi. DB inazo hizo hizo, halafu inaongeza Bluetooth, tundu la waya wa mwanga na tundu la koaksia.

Kama utachomeka kompyuta na simu yenye tundu la hedifoni, chukua T. Mimi ninayo mezani, naunga kwa waya na sijawahi kujuta. Siku ukihitaji Bluetooth unanunua kipokezi kidogo, unakichomeka nyuma.

Kwenye tivii ndipo watu wanapoumia. Tivii nyingi za kisasa zina matundu mekundu na meupe, lakini ni ya kuingizia sauti, siyo ya kutolea. Mtu anarudi nyumbani na T yake, anachomeka, kimya! Kabla hujatoka kwenda dukani, geuza tivii yako usome: ni IN au OUT? Kama ya kutolea ni lile tundu la waya wa mwanga peke yake, chukua DB. Na ukishaiunga, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya tivii, weka PCM. Ukiiacha kwenye Dolby utapata kimya au mikwaruzo, na utadhani umeuziwa mbovu. Bluetooth kwa tivii sipendi, mara nyingi sauti inachelewa na mtangazaji anafumba mdomo kabla maneno hayajaisha.

Sasa umeme. Binamu yangu aliwahi kunitumia spika kutoka Marekani, za jina jingine kabisa. Nikachomeka kwa furaha bila kusoma chochote. Zikatoa puu moja na moshi mdogo, kwisha kazi. Kule umeme ni volti 120, hapa kwetu 230. Iwe T au DB, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kikitaja 110 au 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake uihesabu kwenye bei ya spika. Spika iliyofika kwa begi la mtu ndiyo ya kukaguliwa zaidi.

Ukishafika nazo nyumbani, amplifaya iko kwenye spika ya kulia, ile yenye vitufe vya kuzungusha ubavuni. Ya kushoto inaungwa kwa waya mwembamba wa nyuzi mbili. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi iende nyeusi. Ukizipishanisha upande mmoja, koni moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na besi itapotea. Nimeshaitwa nyumba mbili "kutengeneza spika", na kote kazi ilikuwa kugeuza huo waya. Mojawapo walikuwa wameshapanga kuzirudisha dukani kesho yake.