KUMLISHA MZAZI: HISTORIA YA MFUKO WETU WA UZAZI



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na faida mweka hazina ameshazieleza. Sisi tunaeleza mfuko wetu mdogo kuliko yote, Mfuko wa Uzazi, ili watakaokuja wajue ulikotoka.

MILA ZETU. Jambo hili si jipya. Hapa Kilimanjaro mama zetu walipojifungua walikaa ndani hata miezi mitatu, jembe hawashiki. Mama mkwe alipika mtori: ndizi mshare na nyama ya mfupa, zikapondwa mpaka zikawa laini. Wenzetu waliotoka Tanga wanasimulia uji wa pilipili manga na supu ya kuku mpaka arobaini iishe. Ukitazama vizuri, mila hizo zilikuwa na mambo mawili. Kwanza chakula. Pili, mtu wa kukipika, kukaa na mzazi na kumpokea mtoto ili naye alale.

MAFUNZO. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakisikiliza redio kwa vikundi. Baadaye kliniki tukafundishwa kumpa mtoto maziwa ya mama tu. Zamani tuliambiwa miezi minne hadi sita. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita kamili. Mafunzo mengi yalimtazama mtoto. Mama mwenyewe hakuulizwa sana amekula nini, wala moyo wake ukoje.

KIKUNDI KUANZA. Tulipoanza mwaka 2015, wengi wetu tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Moshi, mama mkwe yuko mbali. Mzazi siku ya tatu anafua, wiki ya pili yuko sokoni. Anashindia chai ya rangi na andazi, na huku ananyonyesha! Anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku. Akizikosa, maziwa huendelea kutoka kwenye akiba ya mwili wake, yeye ndiye anayekwisha. Damu ikipungua, anachoka, anapata kizunguzungu, na mawazo yanamzidi.

Basi tukakubaliana kila mwanachama atoe shilingi 500 kwa wiki. Kapu la mzazi lina ndizi, nyama ya mfupa, maharage, dagaa, mayai, maziwa, mchicha na machungwa. Chai tunamwambia asinywe pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma. Mbege hatuweki, kilevi hupita kwenye maziwa.

TULICHOJIFUNZA. Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja alipelekewa kapu, wiki iliyofuata tukalikuta kama lilivyo. Ndizi zimeiva, nyama imeharibika. Hali, halali, analia bila sababu, anasema mtoto angepata mama mwingine. Majirani walisema ni uvivu, wengine amerogwa. Tukampeleka kituo cha afya, wakasema ni sonona. Kumbe si yeye peke yake: Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Alitibiwa, na sisi tukapeana zamu ya kumpikia na kukaa naye mpaka anakula. Leo anauza nyanya, mtoto yuko shule.

Tangu hapo kapu haliendi peke yake. Wanakwenda watu wawili, mara mbili kwa wiki, siku arobaini. Wanapika hapo hapo, wanambeba mtoto, wanamsikiliza mama. Wakiona halali hata mtoto akilala, au anasema maneno ya kujidhuru, siku hiyo hiyo anapelekwa kwa mganga wa kituo. Chakula humtia nguvu, lakini sonona inataka matibabu.

MBELE TUENDAKO. Wapo wanaosema mfuko ufungwe, kwa kuwa wengi wetu tumeshapita umri wa kuzaa na fedha hizo zingeongeza hisa. Tunawaheshimu, mkutano mkuu utaamua. Ila tukumbuke, mtori tuliolelewa nao ulipikwa na wanawake waliokwisha kuacha kuzaa. Sasa zamu ya kushika mwiko ni yetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote