Michigan Union: Jengo na Milango Yake

Klabu ya Michigan Union iliundwa mwaka 1904 na wanafunzi wa kiume wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, Marekani. Chuo kilikuwa kimegawanyika: waliokuwa katika vyama vya udugu walikuwa na nyumba zao, wengine hawakuwa na pa kukutania. Mwaka 1907 klabu ilinunua makazi ya aliyekuwa jaji, Thomas Cooley. Haikuchukua muda yakawa hayatoshi.

Fedha za kujenga zilichangwa kwa kuuza uanachama wa maisha na kwa maonyesho ya opera ya kila mwaka, ambamo wanaume waliigiza hata nafasi za wanawake. Ramani ilichorwa na wasanifu wawili ndugu, Irving na Allen Pond, waliokulia Ann Arbor. Ujenzi ulianza mwaka 1916, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikapandisha bei na fungu likakauka. Kilichoukwamua ni mkopo wa serikali ya jimbo, kwa sharti kwamba askari wanafunzi walale na kula humo. Klabu ikahamia rasmi mwaka 1919.

Ramani hiyo iliamua pia nani ni mwenyeji. Mlango mkubwa wa State Street ulikuwa wa wanaume, na bawabu aliulinda. Wanawake walipitia mlango wa pembeni, upande wa kaskazini. Huo haukuwa utaratibu mdogo, ulikuwa dharau iliyojengwa kwa matofali. Wanawake walichanga fedha zao wakajenga jengo lao wenyewe, Michigan League, lililofunguliwa mwaka 1929 kwa ramani ya ndugu wale wale. Sharti la mlango mkubwa wa Union lililegezwa miaka ya 1950, na chumba cha biliadi, nacho kilichokuwa cha wanaume pekee, kikafuata mwaka 1968.

Kwenye ngazi za mlango huo ndipo John Kennedy, wakati huo mgombea urais wa Marekani, aliposimama usiku wa manane, tarehe 14 Oktoba 1960, akawauliza wanafunzi kama wangekuwa tayari kwenda kufanya kazi nchi za mbali. Mwaka uliofuata Peace Corps, shirika la Marekani la kupeleka watu wa kujitolea nchi nyingine, ilianzishwa, na wapimaji ardhi wake wakafika Tanganyika kusaidia kazi za barabara.

Ukarabati mkubwa ulifanyika kati ya 2018 na Januari 2020, kwa zaidi ya dola milioni 85, nyingine zikitoka kwenye ada za wanafunzi. Ua wa ndani uliezekwa kwa kioo ukawa ukumbi wa kukaa, na vyama vya wanafunzi vikapewa nafasi karibu na wapitao.