Programu za Kuandikia Nota za Muziki

Programu za kuandikia nota ni zana za kompyuta ambazo kwazo mtunzi huandika, husikiliza na kuchapa tungo zake. Na huko Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria hutumiwa hususan na walimu wa kwaya za makanisa, ambao wengi wao walilelewa katika sol-fa, ule mwandiko wa herufi d, r, m, f, s, l, t ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kufikishwa kwetu na wamisionari.

Haja yao kubwa, nayo ni ya haki, ni kugeuza nota za mistari mitano kuwa sol-fa pasipo kuvuruga zile nukta mbili zitenganishazo mapigo, kwani programu mashuhuri ziliundwa kwa ajili ya mistari mitano, na aghalabu mwalimu hulazimika kuzipanga herufi mwenyewe, sauti zote nne. Maneno nayo yana taabu yake: kanuni za Kiingereza za kugawa silabi hazifai hapa, maana katika “mtoto” ile m ni silabi kamili istahiliyo nota yake, ilhali katika “mbali” huungana na ba. Kadhalika hutakiwa sauti moja moja isikike peke yake, ili mwimbaji wa besi ajifunze nyumbani kwa simu.

Miongoni mwa programu hizo mashuhuri, Finale, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, haiendelezwi tena tangu tangazo la kampuni ya MakeMusic la Agosti 2024. Nyingine, MuseScore, hupatikana bure.