Nusu kwa Wasichana: Sheria za Ufadhili wa Masomo na Binti wa Kwale

Miaka michache iliyopita, chini ya mwembe wa nyumbani kwetu Msambweni, tulifanya harambee ya kumpeleka binti wa dada yangu akasomee uuguzi ng'ambo. Barua ya chuo alikuwa nayo mkononi. Chuo kilikubali kumsamehe nusu ya karo, nusu iliyobaki ilikuwa juu yetu. Akina mama wa chama walitoa, wavuvi walitoa, na mheshimiwa mmoja akasimama akasema salio lote atalimaliza yeye. Tulipiga vigelegele. Ahadi ile haikuandikwa popote. Septemba ikafika, simu haikushikwa, na nafasi ikapotea. Leo yeye ni mpokeaji wageni katika hoteli moja ya Diani. Kazi anaifanya vizuri, lakini kila nikimwona akiwapa watalii funguo za vyumba huikumbuka ile barua.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo moja: ufadhili wa masomo ulioandikwa katika sheria unatofautianaje na ule unaotoka mdomoni mwa mtu? Haya niliyoyapata nawaletea wazazi na mabinti wa Kwale, ili mwengine asiingie mtego tulioingia sisi.

Sheria yenye jina la Malala

Mfano ulio wazi zaidi ni sheria ya Marekani iitwayo kwa jina la Malala Yousafzai, msichana wa Pakistan aliyepigwa risasi mwaka 2012 kwa sababu ya kutetea elimu ya wasichana, na ambaye alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2014. Mswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi Machi 2020, ukapita katika Seneti tarehe 1 Januari 2021, na rais akautia sahihi tarehe 13 Januari 2021.

Sheria hiyo haikuleta fedha mpya. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa tayari linafadhili wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Pakistan, walio werevu na wasio na uwezo. Sheria iliingia ndani ya mpango huo ikasema mambo mawili. Kwanza, kuanzia 2020 hadi 2022, angalau nusu ya nafasi zipewe wanawake. Pili, kila mwaka shirika lilete ripoti bungeni kueleza nafasi ngapi zimetolewa, wangapi ni wanawake, na wanasoma fani gani.

Hiyo ripoti ndiyo iliyonivutia zaidi. Kusema "tutawajali wasichana" ni rahisi. Kusema nusu, kisha ukalazimika kurudi na hesabu mbele ya watu, hilo ni jambo jengine. Fahamu pia kwamba fedha zilitoka ng'ambo, lakini mabinti walisoma kwao.

Zamani tulisafiri kwa hisani

Wakenya tunakumbuka ndege za Tom Mboya. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikwenda vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza ilibeba 81. Fedha zilichangwa na watu binafsi na mashirika ya hisani, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wengi waliosafiri walikuwa wanaume. Wangari Maathai wa Nyeri alikuwa miongoni mwa wasichana waliobahatika. Aliondoka mwaka 1960, akahitimu huko Kansas mwaka 1964, akachukua shahada ya pili Pittsburgh, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Nobel ya Amani.

Hisani ile ilifanya makubwa, wala siibezi. Ila hisani haikufungwa na hesabu yoyote: hakuna aliyelazimika kueleza wasichana walikuwa wangapi, wala wametoka mikoa gani.

Sheria nayo ina mwisho wake

Nisije nikawadanganya kwamba sheria ni mwarubaini. Uingereza ilipitisha sheria ya ufadhili wa Jumuiya ya Madola mwaka 1959, na mpaka leo Wakenya wanasoma kwa mpango huo. Mwaka 2014 ilipitisha nyengine, kwamba kabla ya kutoa msaada wa maendeleo serikali izingatie jinsi msaada huo utakavyopunguza pengo baina ya wanawake na wanaume. Mwaka 2015 ikaandika katika sheria kwamba misaada iwe asilimia 0.7 ya pato la taifa. Lakini sheria hiyo ya 2015 ilikuwa na mlango wa nyuma: lengo lisipofikiwa, waziri hutakiwa tu kulieleza bunge sababu. Mwaka 2021 misaada ikashushwa hadi asilimia 0.5, na Februari 2025 serikali ikatangaza itafika 0.3 ifikapo 2027.

Marekani nako, agizo la "nusu" la Pakistan liliwekewa mwisho wa 2022. Januari 2025 misaada ya nje ikasimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha kuendesha miradi yake.

Hata hapa kwetu tumeliona. Kampuni ya Base Titanium iliyochimba madini Kwale ilikuwa ikisomesha vijana wa maeneo ya mgodi. Uchimbaji ulisimama Desemba 2024. Mfadhili akiondoka huondoka na mfuko wake.

Daftari letu wenyewe

Kwa hivyo macho yangu yamerudi nyumbani. Kaunti ya Kwale ina mpango wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa wakati wa Gavana Salim Mvurya na kuendelea chini ya Gavana Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti hii. Watoto wa maskini wamefika vyuo vikuu kwa mpango huo, na shukrani tunatoa.

Lakini Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari na vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Ndiyo maana Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano ya maandishi na serikali kuu, na jambo hilo likaishia mahakamani. Wazazi wengi walikosa usingizi. Funzo ni lile lile: penye maandishi dhaifu, mtoto ndiye anayerudishwa nyumbani.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango maalumu ya kuwapa jamii zilizotengwa nafasi katika elimu. Msingi upo. Ninachotaka mimi ni kwamba makubaliano na sheria za basari za Kwale ziseme wazi: angalau nusu ya nafasi za elimu ya juu, za ndani na za ng'ambo, ni za wasichana, na kila mwaka hesabu isomwe hadharani, wadi kwa wadi. Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Vikao vya kuchukua maoni ya wananchi vinapoitwa, akina mama tusiende kusikiliza tu.

Kabla hujapiga vigelegele

Binti akiletewa habari ya ufadhili, uliza haya. Unatolewa kwa sheria, kwa mkataba, au kwa ahadi? Unalipa karo pekee, au pia nauli, viza, bima na chakula? Ni wa mwaka mmoja, au mpaka ahitimu? Mfadhili akijitoa, nani atabeba mzigo? Akimaliza, anatakiwa kurudi? Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, hulipia shahada ya pili ya mwaka mmoja, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humtaka mhitimu arudi kwao kwa angalau miaka miwili.

Na makaratasi yaandaliwe mapema: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, vyeti vya shule, barua za walimu. Majina yawe sawa kote. Mwanafunzi aliyeandikwa Mwanamisi kwenye cheti kimoja na Mwanamisi Bakari kwenye chengine anaweza kujikuta akizungushwa ofisini mpaka tarehe ya mwisho ipite.

Binti wa dada yangu ana miaka ishirini na sita. Ile barua ameihifadhi ndani ya msahafu. Mwaka huu anaomba tena, na safari hii nimemwambia jambo moja: yeyote atakayesimama kuahidi, kwanza mpe kalamu.