Kuovakloki GPU ya Laptopu Matiliku Bila Kuichoma: Rada Yote Hii Hapa

Saa nane mchana, Matiliku. Mabati ya keja yameshika moto, feni ya laptopu inalia kama posho mill ya sokoni, na Warzone inacheza fremu 48 huku ikikwama kwama. Hapo ndio msee anaingia YouTube, anaona jamaa wa Marekani amesukuma slaida mbili na kupata fremu za bure, anasema wacha na mimi nijaribu. Sawa, jaribu. Lakini jua huyo jamaa ako kwa chumba cha AC, na kompyuta yake ikiharibika ana waranti. Wewe yako ni ex-UK, na GPU imechomelewa kwa bodi. Ikiungua hung'oi kadi ukaweka ingine kama kwa PC ya mezani. Unatafuta bodi nzima, na hiyo ni safari ya Luthuli Avenue na ganji ya kulia.

Kwanza tuelewane. Kuovakloki ni kuambia chipu ya grafiki ikimbie spidi zaidi ya ile kiwanda kiliweka. Spidi inahesabiwa kwa megahertz, na kiwanda huacha nafasi kidogo juu ndio kila chipu ifanye kazi bila shida, hata zile hazikubahatika. Hiyo nafasi ndio unatafuta. Kwa laptopu, tarajia asilimia 5 hadi 8 hivi. Kama ulikuwa fremu 60, utafika 63, 64, labda 65. Kama kuna mtu amekuahidi mara mbili, anakupima akili.

Mbona kidogo hivyo? Kwa sababu laptopu imefungwa wati. RTX 3060 ya laptopu, kwa mfano, Nvidia iliachia watengenezaji wachague popote kati ya wati 60 na 115. Laptopu mbili zina stika moja, moja inakimbia, ingine inatambaa. Ukifungua programu utapata slaida ya "Power Limit" imekufa, haisongi. Alafu CPU na GPU kwa laptopu nyingi zinagawana mabomba ya shaba ya kutoa joto, kwa hivyo ukichemsha moja unachemsha na ingine.

Hata Nvidia wenyewe walishawahi kufunga hii mambo. Mapema 2015 walitoa draiva ikazima ovakloki kwa laptopu, wachezaji wakawaka, kampuni ikarudi nyuma na kusema itairudisha. Sababu yao haikuwa ya kijinga, ilikuwa joto.

Na joto ndio stori yote Matiliku. Chumba kikipanda digrii 8, chipu nayo inapanda karibu hizo hizo 8. Setingi uliyotesti saa tano usiku kukiwa na baridi itakuangusha saa nane mchana, hasa Februari na Machi, ama Septemba na Oktoba kabla mvua ije. So testi mchana, mlango vile huwa, mazingira vile utachezea. Hiyo ndio namba ya ukweli.

Anza na kupima. Pakua HWiNFO, ni ya bure, na Heaven ya Unigine, pia bure. Wacha Heaven ikimbie dakika 20 ukiangalia joto la GPU na la CPU. Ukiwa chini ya digrii 78, uko na nafasi. Kati ya 78 na 84, safisha kwanza. Ukiona 86 ama 87, GPU nyingi za laptopu zinaanza kujipunguza spidi zenyewe, kwa hivyo kuovakloki hapo ni kumpiga punda amechoka.

Kusafisha usikuchukulie poa. Vumbi ya Makueni ni laini, inaingia kila mahali na kukaa kwa zile mapezi za shaba kama blanketi. Zima laptopu, toa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri. Shika feni na kidole isizunguke, ndio upulize. Ukiiacha izunguke kwa upepo wa bloa unaweza kuiharibu. Kama mashine ina miaka mitatu na haijawahi kubadilishwa pesti ya joto, peleka kwa fundi anayejua laptopu, si yule wa simu anayejaribu. Alafu inua nyuma ya laptopu na vizibo viwili vya soda. Usicheke. Hewa inaingilia chini, na laptopu kwa kitanda ni laptopu imezibwa pua.

Sasa slaida. Programu ni MSI Afterburner, inafanya kazi hata kama laptopu yako si ya MSI. Itoe kwa tovuti ya MSI pekee. Mwaka wa 2021 kampuni ilionya watu kuhusu tovuti feki iliyokuwa inajifanya yao ikipeana faili zenye virusi. Ile ya kutumiwa na mtu kwa Telegram, wacha ikae huko.

Mimi ningeshusha volteji kabla ya kupandisha spidi. Kwa joto la huku, hiyo ndio inalipa. Bonyeza Ctrl na F, laini ya volteji na spidi itatokea. Angalia GPU yako ikicheza inatulia kwa spidi gani na volteji ngapi. Tuseme ni megahertz 1700 kwa milivolti 900. Unachagua nukta ya 850, unaipandisha hadi 1700, zile zote za kulia unazilaza zisipite hapo, alafu unabonyeza alama ya tiki. Spidi ni ile ile, umeme umepungua, joto limeshuka, na mara nyingi fremu zinaongezeka kwa sababu chipu imeacha kugonga ukuta wa wati. Laptopu zingine zimefungiwa hiyo laini kabisa. Yako ikiwa hivyo, songa tu.

Ukitaka kuovakloki kawaida, songa "Core Clock" na 25, testi Heaven dakika 10, ongeza 25 ingine. Wengi wanaishia kati ya 75 na 150. Ukiona vidoti vya rangi, mistari ya ajabu, skrini ikizima sekunde mbili na kurudi, ama game kujifunga, umepita. Rudi nyuma 40 hivi, si 5. "Memory Clock" ipandishe na 100 kwa 100, na hapa kuwa rada: memori ikizidi inaweza isikraki, inakupunguzia fremu kimya kimya. Kwa hivyo andika skoa ya Heaven kila hatua. Siku skoa inashuka, rudi ya juzi. Na usiweke ijiwashe na Windows mpaka ucheze wiki nzima bila noma, ndio ikikwama, kuzima na kuwasha kukutoe.

Stima ni kesi ingine. Fanya hii yote ikiwa kwa chaja, kwa sababu ikiwa kwa betri GPU inajipunguza na utadhani setingi imekataa. Hakikisha chaja ni ya wati zinazotakiwa. Laptopu ya wati 180 mara ingine inauzwa na chaja ya 90, na hapo hakuna slaida itakusaidia. Stima zikipotea na kurudi kwa kishindo, TV guard ile ya kawaida inasubiri zitulie kwanza kabla ya kupitisha. Bei yake ni chini ya ile ya chaja mpya.

Vya kuacha kabisa: kubadilisha BIOS ya kadi, kuchomelea kitu kwa bodi ndio wati ziongezeke, na kukimbiza FurMark nusu saa ujionee. Betri pia iko karibu na hilo joto. Ukiona sehemu ya kuwekea viganja imeinuka ama padi ya mausi haibonyezeki vizuri, betri imefura. Zima, chomoa, usicheze hata mechi moja.

Na kama skrini yako ni ya hertz 60 na tayari unapata fremu 90, funga fremu kwa 60 kwa setingi za Nvidia. Feni itanyamaza hadi usikie jirani akikuna nazi.